Shavu la Bunduki ya Longino

Ninyi vijana mnaojifunza useremala siku hizi mna mashine inayoranda mbao huku wewe unaongea na simu, na mimi sina ugomvi na mashine. Ila juzi mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani iliyonisumbua kuliko zote katika miaka yangu ya kushika tezo. Alidhani nitasema mtumbwi mkubwa, au milango ya kanisa. Nikamwambia ni kitako cha bunduki ya mtu mmoja aliyeitwa Longino. Akacheka. Nikaona afadhali niiandike, maana nikiisimulia kwa mdomo huwa naipotezea katikati, naingia kwenye habari za kiboko halafu sirudi. Shule nilisoma kidogo tu, mpaka kuandika jina na kusoma namba za rula, kwa hiyo mkiona mstari umepinda, pindeni nao.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, hapa hapa Ifakara. Kazi ya kutulisha ilikuwa vitanda, milango, majeneza na mitumbwi. Bunduki ilikuwa starehe. Fundi wangu, Mzee Remigi, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alikuwa akitoka misa ya Jumapili wenzake wanakwenda kilabuni, yeye anakuja bandani, kwenye karakana yetu, anakaa na kipande cha mti mapajani mpaka jua linashuka. Hakutoza mtu. Alisema kitanda ni kwa ajili ya tumbo na kitako cha bunduki ni kwa ajili yake mwenyewe. Mimi nilikuwa kijana mwenye mke tayari, nami Jumapili nilikaa naye, mke wangu akaanza kusema nimeoa huko bandani.

Chuma hatukukigusa. Chuma ni mambo ya kiwandani na ya boma, na boma la Mahenge lilikuwa na macho. Sisi tulishughulika na mti tu: kile kitako unachokiweka begani na ule mkono wa mti unaolala chini ya mtutu. Utasema ni kazi ndogo. Ingia uone.

Mti wetu ulikuwa mninga wa kutoka milimani, upande wa kijiji cha Mbingu. Gogo ukishalipasua usilitie kazini. Unaliweka juu ya moto wa jikoni, kwenye dari la kukaushia samaki, likae humo mpaka mama mwenye jiko achoke kulitazama. Mke wa Fundi alikuwa akiuliza wageni kama wanataka mchuzi wa kambale au mchuzi wa bunduki, kwa kuwa vyote vilining'inia pamoja. Likishakauka, ukiligonga linalia, ndipo unaanza. Unapaka masizi ya kibatari kwenye chuma, unakilaza kwenye mti, unakinyanyua. Pale mti ulipochafuka ndipo panapogusa. Unakwangua hapo, kidogo, unalaza tena. Mtu mwenye haraka anakwangua pengi kwa mara moja, na chuma kinacheza humo ndani kama jino bovu. Hapo mti umekwisha, tafuta mwingine.

Halafu kulainisha. Ninyi mnanunua msasa dukani mkidhani ni karatasi. Msasa ni mti, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Tulikuwa tunayachuma pembeni mwa mto tunasugulia. Ukimaliza, lowesha mti kwa maji. Utaona vinyweleo vyake vinasimama. Usiogope, sugua tena, lowesha tena, mpaka siku utakayolowesha na visisimame. Watu wengi wanaacha kabla ya siku hiyo, ndiyo maana kiti chako kipya kikikaliwa na mtu aliyetoka kuoga kinamchoma.

Mwisho ni mafuta ya kitani, tuliyonunua kwa Bwana Omari, mtu wa pwani mwenye duka karibu na soko. Mwaka mmoja mto ulifurika, pantoni haikuvuka, dukani mafuta hakuna. Fundi akasema mafuta ni mafuta, akapaka ya nyonyo. Jamani. Mafuta ya nyonyo hayakauki. Mwenye bunduki aliilaza usiku mmoja bandani kwa kuku, akaja asubuhi ameishika kwa vidole viwili, imejaa manyoya, akamwuliza Fundi kwa adabu kabisa itaanza kutaga lini. Fundi hakucheka mwaka mzima. Mimi nilikuwa nakwenda kuchekea mtoni.

Sasa nilikuwa wapi. Longino.

Longino alikuwa kijana wa ng'ambo ya mto, mkulima wa mpunga kule kwenye bonde lenyewe ambako viboko wanapanda kutoka mtoni kama watu waliokodi. Marehemu baba yake aliwahi kufanya kazi na Bwana Nyama, yule afisa wa serikali wa wanyamapori, na kwa njia hiyo alipata kibali cha bunduki ya kulindia mashamba. Ilikuwa bunduki fupi, ile ambayo wazee waliopigana upande wa Mjerumani waliiita karabini, ya kupita nayo kwenye matete bila kunasa. Baba alipougua muda mrefu, Longino ndiye aliyeshinda shambani na bunduki, peke yake, na ikajulikana bonde zima kwamba yule kijana hakosi. Nyama ilikuja nyumbani, mpunga ukabaki shambani. Baba akafariki. Wakati wa matanga hakuna aliyeikumbuka bunduki, ilikuwa imefungwa juu ya dari, na mchwa wakakila kitako chote, wakaacha chuma peke yake.

Hapo ndipo baba mdogo wake, Mzee Kosmas, alipoinuka. Mtu mzito, mashamba yake yanapakana na ya Longino, na viboko hawajui mpaka. Alisema bunduki ya kaka yake ni ya ukoo, na ukoo hauwezi kumwachia kijana chuma kisicho na mti. Wazee wakakaa. Uamuzi ukawa huu: Longino aitengeneze, na kabla mpunga haujaanza kuchanua aje apige mbele yao. Akipata, jina lake ndilo litakalopelekwa boma. Akikosa, ni la Kosmas. Na mlinzi wa mashamba alikuwa mtu, wajukuu zangu. Mavuno yakitoka kila nyumba inampa fungu, na neno lake linasikika. Bila bunduki, Longino angekuwa kijana wa kawaida anayepiga debe kwenye mpunga ulioliwa tayari.

Basi akaja kwetu na kile chuma kimefungwa kwenye blanketi. Shikamoo Fundi. Marahaba. Akakitoa kwa mikono miwili, akasimama pembeni, mkono wa kushoto ameurudisha nyuma ya mgongo kama askari. Nilimwambia mke wangu jioni kwamba nimeona kijana mwenye adabu.

Kumpima mtu kwa ajili ya bunduki ni kama kumpima kwa ajili ya koti. Unamwambia akunje kiwiko, unapima kutoka kwenye kunjo mpaka pingili ya kidole. Unampa gongo aliweke begani, afumbe macho, ayafumbue, unaangalia jicho limeangukia wapi. Fundi Remigi alikuwa na ziada yake, na hii alijivunia kuliko watoto wake: upande wa kitako anapoegemea mpigaji aliacha uvimbe wa mti, laini, tuliuita shavu, ili shavu la mtu likutane na shavu la mti bila kutafutana. Na kitako chenyewe alikipindisha kidogo sana kwenda nje, huwezi kuona ila ukikitazama kutoka nyuma kwa jicho moja. Vitako vya kiwandani havikuwa hivyo, vilikuwa vimenyooka tu kama fimbo. Kile kilicholiwa na mchwa kilikuwa kimenyooka.

Tukamtengenezea Longino kitako ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Mninga mwekundu wenye mistari myeusi, umekaa kwenye chuma kama umeota nacho.

Nyuma ya karakana kulikuwa na kichuguu kikubwa, hapo ndipo tulipojaribia. Fundi akaweka kibuyu, akapiga, kibuyu kikapasuka. Nikapiga mimi, mtu wa mitumbwi, nikapata. Akapiga Longino. Risasi ikaingia kwenye udongo mbali kiasi kwamba mchwa wenyewe nadhani hawakushtuka. Fundi akamwambia ni mkono mgeni, mti mpya, nenda nao ukazoeane. Akaenda.

Akarudi wiki hiyo hiyo. Kiboko alitoka majini asubuhi kweupe, akasimama kwenye mpunga karibu tu, Longino akapiga, kiboko akamtazama, akaendelea kula. Watu waliona. Mzee Kosmas alikuwa mmojawapo wa waliokuwa wanapita, na hakusema kitu, alitingisha kichwa tu kwa namna ambayo kesho yake ilikuwa imefika Ifakara.

Hapo akili zetu zikaanza kuzunguka. Fundi akachukua bunduki, akapiga, akapata. Nikapiga, nikapata. Kwa hiyo bunduki nzima. Lakini Longino naye ni yule yule aliyekuwa hakosi. Kwa hiyo mtu mzima. Bunduki nzima, mtu mzima, vikikutana vinakosa. Fundi alisema labda mti umepumua, umevimba kwa unyevu, akafungua, akapaka masizi upya, akakuta umekaa sawa. Akasema labda risasi zimepata unyevu. Nikachukua nyingine za kifuko kile kile, nikapata. Akalibandikia lile shavu la mti kipande kwa gundi liwe nene zaidi, ili limshike vizuri. Longino akaenda, akarudi amezidi kukosa.

Mimi nilianza kuufikiria mti. Nilikumbuka aliyetuuzia gogo hakutuambia alilikata wapi hasa, isije ikawa ni kwenye msitu wa mizimu. Nikamwuliza Fundi kama tusiende kuuliza, akaniambia mimi nimezidi kuvuta moshi wa jikoni. Lakini nilimwona akinusa kitako alipodhani sitazami. Huko ng'ambo walikuwa na lao: marehemu hajaridhika, hataki bunduki yake ivalishwe nguo mpya. Bwana Omari dukani alisema ni macho ya watu. Kila mtu alikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa mazuri, isipokuwa bunduki haikusikia hata moja. Mpunga ulikuwa umeshafika kiunoni.

Kisha likatokea la uso. Longino alikuja Jumapili moja na shavu limevimba, la kushoto, limekuwa bluu. Nikamwuliza. Akasema alijikwaa. Safari iliyofuata shavu lile lile, limevimba juu ya uvimbe. Sasa na ninyi fikirini: mtu aliyejikwaa mara mbili akaangukia shavu lile lile mmemwona wapi? Bandani tulikuwa na watu wa kupita, wanaosubiri majeneza yao na nini, na mmoja akasema kofi la mkono wa kulia linaangukia shavu la kushoto, na kwamba mke wa Longino, Yustina, ana mkono wa mtwangaji. Tukacheka sana. Kwa muda wa kama wiki mbili bonde zima likajua kwamba Longino hakosi kofi ila anakosa kiboko.

Yustina akaja. Hakuja na mume wake, alivuka na pantoni ya asubuhi, ana mtoto mgongoni, akasimama mlangoni mwa karakana. Shikamoo kwa Fundi akaitoa, lakini aliitoa kama mtu anayetua mzigo. Kisha akanigeukia mimi.

“Shemeji, nimesikia nampiga mume wangu.”

Nikasema hayo ni maneno ya watu.

“Maneno ya watu hayana meno. Yako yana meno, nimeambiwa ulicheka mpaka ukashika randa usianguke. Sasa nioneshe mkono wangu ulivyo mkubwa.”

Fundi akamletea kigoda. Akakaa, akampakata mtoto, na hasira ikamtoka taratibu, akabaki na kitu kingine, nadhani ni woga. Akasema yule mtu akitoka kupiga hiyo bunduki ndipo anarudi na shavu hilo. Fundi akamwambia haiwezekani, mama, anayepigwa na kitako anapigwa shavu la kulia, bunduki iko bega la kulia. Yustina akainamisha kichwa. Akamfunga mtoto nguo, akaifungua, akaifunga.

Hatimaye akasema, akiongea na yule mtoto, siyo na sisi. Kwamba mume wake ni mashoto. Jembe kushoto, panga kushoto, kasia kushoto, akiwa peke yake au na yeye mkewe. Bibi yake alimfunga mkono huo kitambaa utotoni, akamfundisha kwa fimbo ya mtama kwamba mkono wa kushoto hauonyeshwi mkubwa. Akafundishika. Mbele ya mtu mzima anakula kulia, anasalimia kulia, anachonga kulia vibaya, na bunduki anaiweka kulia. Peke yake shambani anaiweka anapopaweza.

Mjue vijana, enzi hizo haikuwa mzaha. Ukimpa mzee kitu kwa kushoto ni kama umemtemea. Na bunduki ni kitu cha mbele ya wazee kuliko vyote.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa amekaa juu ya gogo na patasi mkononi. Alikuwa anapita njia yote upya kichwani, nami napita nyuma yake. Mbele yetu Longino alipimwa kulia kwa heshima, akapiga kulia kwa heshima, hata siku ya kiboko mbele ya watu, akakosa kwa sababu huo siyo mkono wake. Peke yake shambani akahamisha kushoto, na huko akakutana na shavu la mti limegeukia kwingine na kitako kimepinda kuja usoni mwake, kinamsukuma jicho, kinampiga ngumi. Na sisi kila alipokosa tukaongeza shavu.

“Remigi mimi,” Fundi akasema, “nimemtengenezea mtu ambaye hayupo.”

Kitako cha pili tulikichonga kwa haraka, ingawa nimetoka kuwaambia msifanye haraka. Mti ulikuwepo darini, mkavu. Fundi alikuwa hajawahi kuchonga kinyume. Alikuwa akiweka alama, anaifuta, anazunguka upande wa pili wa meza kana kwamba mti ndio utakaogeuka. Mara mbili alianza shavu upande aliouzoea, nikamshika mkono. Mimi mwenyewe ilinibidi niwe nasimama nageuza mwili mzima ndipo nielewe kulia ni wapi. Tulikuwa watu wazima wawili tunacheza ngoma karakanani. Longino alipokuja tukafunga mlango, Fundi akampa na kumgeuzia mgongo, akamwambia, weka unapoweka. Nikasikia pumzi yake imetoka. Kitako kilikuwa kimekaa.

Lakini shida haikuwa tena mti. Siku ya wazee ilikuwa imekaribia, na Longino akasema hawezi.

“Fundi, bora waichukue. Siwezi kuwanyanyulia wazee kushoto. Baba mdogo atasema nimewatukana, na atakuwa amesema kweli.”

Fundi akamwambia hata ukipata? Akasema hata nikipata. Akapige kulia basi? Kulia atakosa. Nami nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilipendekeza apige amelala chini amejifunika shuka. Msinicheke. Mngekuwepo mngependekeza mabaya zaidi.

Aliyeona njia ni Yustina, aliyekuwa amevuka naye safari hiyo. Alisema mama yake mzazi ana shamba kule bondeni, na kiboko amelila kama ya wengine, kwa hiyo ana haki ya kuja kuona mlinzi wake anavyopiga. Basi. Hakusema zaidi. Ilinichukua mpaka njia ya nyumbani ndipo nikaelewa. Kwetu wakati ule mkwe na mamamkwe hawakutazamana. Akipita njia hii, wewe unaingia majanini. Mahali ambapo lazima wote wawe, panawekwa wigo katikati, na hakuna mtu mzima atakayeuliza wigo ni wa nini.

Siku ikafika. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshapanda, mpunga umesimama kimya ukingoni mwa mto. Wazee walikaa kwenye mikeka, Mzee Kosmas katikati, na mamamkwe akaja na khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, akakaa pamoja nao upande ule ule, kama Yustina alivyomketisha. Mimi na Fundi tukasimamisha wigo wa matete marefu. Walioketi waliona kichuguu cha shambani na kibuyu mbele yao, na upande wa mpigaji waliona matete. Mzee mmoja alisema wigo ni mrefu mno. Mwenzake akamwambia, mkwe mwenyewe ni mrefu. Ikaisha hapo.

Nyuma ya wigo tulikuwa watatu. Longino alikuwa ameshika bunduki, hainyanyui. Jasho linamtoka. Nikamwambia kwa kunong'ona, nyanyua. Hanyanyui. Ndipo Fundi Remigi alipoelewa kabla yangu kwamba yeye mwenyewe ni mzee, na yupo pale anamtazama. Akatoa ugoro wake, akageuka, akatazama mto. Nami nikageuka, ingawa nilikuwa rika la Longino tu. Sikutaka niwe macho pekee yaliyobaki.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nilimwona akipiga, sikumwona. Niliona kuku maji wawili na mtumbwi ulioegeshwa. Nilisikia mlio. Nikasikia kimya. Kisha upande wa pili wa matete mwanamke akapiga kigelegele akakikata katikati, nadhani ni Yustina, akakumbuka mama yake yupo. Wazee wakasema kiwekwe kingine, mara moja huweza kuwa bahati. Kikawekwa. Tukatazama mto tena. Mlio. Safari hii wakaguna wote pamoja, ule mguno wa watu walioshiba.

Nilipogeuka, bunduki ilikuwa imeshahamia mkono wa kulia wa Longino, mtutu umetazama chini, na yeye anatabasamu kama mtoto aliyepona homa. Nikajua tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Mzee Kosmas aliinuka kutoka mkekani akazunguka wigo. Alikuja peke yake, polepole, akapumua kwa pua. Akanyoosha mkono, Longino akampa bunduki kwa mikono miwili na magoti yameinama. Kosmas akaitazama sana, akapitisha kidole gumba kwenye mninga. Kisha akaiweka begani, bega la kulia, akalaza shavu.

Haikumkaa. Niliiona ikimkataa. Akasogeza kichwa, akairudisha, akasogeza tena. Mti ulikuwa unamsukuma uso. Akaishusha, akakigeuza kitako, akaliona lile shavu liko upande gani. Kidole kikasimama hapo. Fundi akaacha kunusa ugoro. Longino alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshakwenda nyuma ya mgongo.

“Remigi,” Kosmas akasema, “hii umemtengenezea nani?”

“Mwenye nayo.”

Akakaa nayo tena. Sijui alifikiria nini. Nimejiuliza miaka yote hii na bado sijui. Saa nyingine naona alikuwa na hasira, saa nyingine naona alikuwa anamkumbuka kaka yake, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema labda shavu lilimwuma tu. Neno lake moja pale lingetosha. Wazee walikuwa hatua chache, matete tu katikati.

Akainua sauti kuelekea kule kwenye wigo, akawaambia wazee amejaribu, bunduki haimkai mtu mwingine, jina lipelekwe la huyu. Kisha akamrudishia Longino. Na alipoishusha sauti, ilibidi nisogee ili nisikie, jambo ambalo si adabu.

“Kesho asubuhi uje shambani kwangu. Kiboko amehamia upande wangu.”

“Ndiyo, baba.”

“Uje peke yako. Mimi nitakuwepo, lakini nitatazama mtoni.”